Daftari la Maji: Lilipo na Namna ya Kulisoma



Kila kiangazi swali ni lile lile. Mwanachama ana kisima kilichokuwa kikitosha nyumba yake na miche yake ya mikarafuu. Sasa kamba haifiki maji bila ya kuongezwa, na maji yenyewe yameanza kukolea chumvi. Mmoja atamwambia kuwa mvua zimepungua. Mwingine ataisonta pampu mpya ya jirani. Wa tatu atasema kisima hiki ndivyo kilivyo tangu enzi za babu yake. Wote watatu wasema wanayoyakumbuka, na kumbukumbu haipimwi kwa rula.

Jambo hili si la kubishania barazani tu, kwani kila jibu lina dawa yake. Ikiwa ni mvua, dawa ni kungoja msimu na kukinga maji ya paa. Ikiwa ni pampu, dawa ni majirani kukaa wakapatana saa za kuvuta. Na ikiwa ni bahari inayopanda chini ya kisima, basi kukichimba zaidi, jambo ambalo wengi hulikimbilia kwanza, ndiko kunakokiharibu kabisa. Mwenye kukosea dawa hutoa fedha yake ya karafuu akanunua maji ya chumvi.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Maji nayo ni mali. Siku hizi yako madaftari mengi ya maji yaliyowekwa wazi katika intaneti, na mwenye simu aweza kuyafungua bila ya kulipa ila gharama ya mtandao. Katika kurasa hizi twapenda kueleza faida ya madaftari hayo, yalipo, namna ya kuyasoma bila ya kudanganyika, na daftari moja ambalo hapana mtu atakayetuwekea ila sisi wenyewe.

FAIDA YA DAFTARI LILILO WAZI

Tutazame kwanza yaliyotokea Ziwa Viktoria, kwani swali lao lilikuwa kama letu, ila lao lilikuwa kubwa zaidi.

Tangu mwaka 1896 maji ya ziwa hilo yamekuwa yakipimwa, na miongoni mwa mahali pa kupimia ni Jinja, ambapo Mto Nile unatoka ziwani. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, na tangu hapo kiasi cha maji kinachotoka hutegemea malango yanayoendeshwa na watu. Yalikuwapo mapatano kwamba maji yatakayoachiliwa yawe sawa na yale ambayo mto ungeyatoa wenyewe lau bwawa lisingejengwa. Mwaka 2000 kiwanda cha pili cha umeme, Kiira, kikaanza kazi karibu na kile cha kwanza.

Kati ya mwaka 2003 na 2006 ziwa lilishuka zaidi ya mita moja. Magati yakabaki juu, na wavuvi wakaburuta vyombo vyao kwenye tope. Sababu iliyotajwa ilikuwa ukame, na ukame ulikuwapo kweli. Lakini ulikuwapo wote? Tangu mwaka 1992 setelaiti zilikuwa zikipita juu ya ziwa na kupima urefu wa uso wa maji, na Wizara ya Kilimo ya Marekani ikivitangaza vipimo hivyo kwa kila mtu. Kwa hiyo kushuka kwa ziwa hakukuweza kufichwa, hata mtu asipopewa ruhusa ya kuona daftari la mwenye malango. Mwaka 2006 mtaalamu wa maji, Daniel Kull, alitoa hesabu yake kwamba zaidi kidogo ya nusu ya kushuka kwa miaka 2004 na 2005 kulitokana na maji yaliyoachiliwa kupita kiasi cha mapatano, na sehemu iliyobaki ikatokana na ukame. Wataalamu waliofuata, waliotumia vipimo vya setelaiti, walikuta mgawanyo unaokaribia nusu kwa nusu.

Hapa yafaa tuangalie jambo moja. Aliyesema ukame alikuwa na haki, na aliyesema malango alikuwa na haki. Daftari halikumpa mmoja ushindi wote. Liligawa sababu, kila moja kwa kiasi chake. Nalo liliweza kufanya hivyo kwa kuwa palikuwa na vipimo viwili vya kuwekwa ubavuni: maji yaliyoingia na maji yaliyotoka.

Halafu mwaka 2020 mambo yakageuka. Ziwa lilijaa hata mwezi wa Mei likapita alama ya Mei 1964, iliyokuwa ya juu kuliko zote zilizoandikwa hadi hapo. Wengi walisema jambo kama hili halijapata kuonekana. Daftari la Jinja laonyesha kwamba mwaka 1964 lilikaribia kuonekana lile lile kabisa.

MADAFTARI YALIYOPO

Madaftari ya maji ni ya namna nne, na mtu sharti ajue analotafuta kabla ya kuanza.

La kwanza ni la mito na maziwa. Shirika la USGS la Marekani lilianza kituo chake cha kwanza cha kupima mto mwaka 1889, huko Embudo, New Mexico, na leo hutangaza vipimo vya maelfu ya vituo, vingi vikichukuliwa kila dakika 15. Vipimo vya mito ya nchi nyingi hukusanywa na kituo kiitwacho GRDC, mjini Koblenz, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1988. Kwa visiwa vyetu, ambavyo havina mito mikubwa, daftari hili hutufaa zaidi kwa kujifunza namna kazi hii inavyofanywa.

La pili ni la usafi wa maji, yaani chumvi, vijidudu, mbolea na madini yaliyomo. Umoja wa Mataifa una daftari la namna hii liitwalo GEMStat. Yako pia majedwali ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF yanayoonyesha ni watu wangapi katika kila nchi wanaopata maji ya bomba au ya kisima kilichojengwa vizuri. Hayo hutokana zaidi na kuhesabu nyumba na kuuliza watu. Yasimfanye mtu adhani kuwa kisima chake kimepimwa.

La tatu ni la maji yaliyo chini ya ardhi. Setelaiti mbili za GRACE zilifanya kazi toka mwaka 2002 hata 2017, na nyingine mbili zikazifuata mwaka 2018. Hizo hupima uzito wa maji kwa kuangalia jinsi ardhi inavyozivuta. Ni kazi ya ajabu, lakini huona eneo la mamia ya kilomita kwa mara moja. Mwenye kutafuta habari za kisima cha Wete katika GRACE ni kama mtu apimaye punje ya karafuu kwa mizani ya kupimia magunia.

La nne ni la mvua, na hili ndilo litufaalo zaidi.

KUTAFUTA MVUA YA SHAMBA LAKO

Mlango wa kwanza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hali ya hewa ni jambo la Muungano, kwa hiyo ofisi hii hutumikia Bara na Visiwani pamoja. Hutangaza utabiri wa masika, wa Machi mpaka Mei, na wa vuli, wa Oktoba mpaka Disemba, pamoja na maonyo ya mvua kubwa na upepo. Maji ya visimani si jambo la Muungano. Hayo yataka kuulizwa Mamlaka ya Maji Zanzibar. Twalieleza hili ili mwanachama asipoteze siku yake kwa kubisha mlango usio wake.

Mlango wa pili ni madaftari ya dunia nzima. La CHIRPS, la Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, huchanganya picha za mawingu na vipimo vya vituo vya ardhini, na lina mvua ya tangu mwaka 1981. La IMERG la NASA hutumia setelaiti zinazoongozwa na ile ya GPM, iliyorushwa kutoka Japani mwezi wa Februari 2014. Kwa anayeanza, rahisi kuliko yote ni NASA POWER, lililotengenezwa kwa kuwafikiria wakulima pia. Hapo huonyeshwa ramani. Waweka alama mahali pako, wachagua mvua ya kila siku au ya kila mwezi, wataja miaka unayoitaka, nawe wapewa jedwali.

Mahali hutajwa kwa tarakimu mbili. Chake Chake ni kiasi cha −5.25 na 39.77. Tarakimu ya kwanza ina alama ya kutoa kwa sababu tuko kusini ya Ikweta. Alama hiyo ndogo isiachwe! Atakayeandika 5.25 bila ya alama hiyo ataletewa mvua ya kusini mwa Ethiopia, karibu na mji wa Negele, naye atastaajabu kuona masika ya Pemba yamekuwa makavu kiasi kile.

MASWALI MATANO YA KUIULIZA KILA TARAKIMU

Tarakimu ni kama shahidi. Haikataliwi wala haikubaliwi mpaka iulizwe.

1. Umepima wapi? Daftari la setelaiti hugawa dunia katika miraba, na mraba mzima hupewa tarakimu moja. Mraba wa CHIRPS una upande wa kilomita 5 na nusu hivi. Wa IMERG una upande wa kilomita 11 hivi. Mvua ya NASA POWER hutoka katika mraba wa kiasi cha kilomita 55 kwa 69. Kisiwa cha Pemba chote kina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa 23, basi mraba mmoja wakaribia kukimeza, pamoja na bahari inayokizunguka. Sisi sote twajua kuwa mvua yaweza kunyesha Mtambile isidondoke hata tone Konde. Kwa hiyo daftari hilo lafaa kuuliza, “Je, masika haya yalikuwa haba?” Halifai kuuliza, “Je, jana ilinyesha juu ya majamvi yangu?”

2. Umepima lini? Vituo vya mvua vya Afrika Mashariki husomwa saa 3 asubuhi, na kinachosomwa ni mvua ya saa 24 zilizopita. Baadhi ya madaftari ya setelaiti huanza siku yao saa sita ya usiku ya Greenwich, ambayo kwetu ni saa 9 usiku. Mvua ile ile ya alfajiri yaweza kuandikwa tarehe 5 katika daftari moja na tarehe 6 katika jingine. Ndiyo sababu yafaa kulinganisha jumla za mwezi na mwezi kuliko za siku na siku.

3. Sifuri yako iko wapi? Tulitaja kuwa Ziwa Viktoria lilijaa mwaka 2020. Kipimo cha Jinja kilisoma zaidi ya mita 13. Je, ziwa lina kina cha mita 13? La, lina kina cha mita 80 hivi mahali penye kina kirefu. Sifuri ya ubao wa Jinja imewekwa kiasi cha mita 1,123 juu ya usawa wa bahari, na 13 ni mita zilizozidi hapo. Setelaiti nazo zina sifuri yake nyingine. Tarakimu mbili za maji yale yale zaweza kuwa mbali sana na zote zikawa kweli.

4. Umehakikiwa? Katika daftari la USGS tarakimu mpya huandikwa kuwa ni za muda, nazo zaweza kusahihishwa. Madaftari mengi hufanya hivyo hivyo. Asiyeangalia alama hiyo hurudi baada ya miezi akakuta tarakimu imebadilika, akadhani amedanganywa.

5. Palipo wazi pana nini? Nafasi tupu katika jedwali maana yake ni kwamba hapakupimwa. Sifuri maana yake palipimwa na mvua haikunyesha. Baadhi ya madaftari hujaza nafasi tupu kwa tarakimu kama −999, na mwenye kujumlisha bila ya kuangalia atapata mwezi uliotoa mvua badala ya kuipokea.

MILIMITA NI KITU GANI

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu hii ikikaa kichwani, jedwali lote hufunguka. Paa la bati la mita 60 za mraba, ikinyesha milimita 20, hupokea lita 1,200; hata kama nyingine zitamwagika, zabaki pipa nyingi kwa miche. Ekari moja, ikipata milimita 20, imepokea lita 80,000 na zaidi. Hapana mtu awezaye kuchota kiasi hicho kwa ndoo, na ndipo tujue thamani ya mvua moja nzuri kwa mikarafuu michanga.

CHUMVI CHINI YA KISIMA

Katika kisiwa, maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi. Jambo hili lilielezwa na Badon Ghijben wa Uholanzi, na baadaye na Herzberg wa Ujerumani, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kanuni yake ni hii: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ni hesabu ya kukadiria tu, na mawe ya kila mahali yana tabia yake. Lakini igeuzeni mwone: ukivuta maji hata uso wake ukashuka nusu mita na kubaki hivyo, chumvi yaweza kupanda mita 20 kutoka chini. Kwa hiyo anayechimba zaidi ili kuyafuata maji yaliyoshuka huenda anaiendea bahari iliyo njiani kumjia.

Nayo chumvi haihitaji kuwa nyingi. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa kloraidi, ambayo ni sehemu kubwa ya chumvi ya bahari, huweza kuonjeka ikizidi miligramu 250 hivi katika lita moja. Robo lita ya maji ya bahari ndani ya ndoo ya lita 20 yatosha kukufikisha karibu na hapo. Kwa hiyo ulimi ukianza kulalamika, mambo yameanza siku nyingi. Kiko kijiti kidogo cha kupimia chumvi, kitumiacho betri, na kimoja chaweza kuwatosha wanachama wengi wa tawi moja. Tarakimu yake aghalabu huandikwa kwa maikrosimensi kwa sentimita. Maji ya bahari husoma 50,000 hivi. Kinachotafutwa hasa ni mwendo: je, mwezi huu imezidi ya mwezi uliopita? Na ijulikane kuwa kijiti hicho hakioni vijidudu. Maji matamu yaweza kuwa machafu, na hilo sharti lipimwe na wataalamu.

DAFTARI AMBALO HAPANA ATAKAYETUWEKEA

Tumeona kuwa mvua ya kisiwa chetu imo katika madaftari ya dunia tangu mwaka 1981. Lakini kisima chako hakimo, na setelaiti haikioni. Bila ya daftari la kisima, daftari la mvua ni nusu ya kesi: tutajua yaliyoingia tusijue yaliyotoka. Twashauri hivi:

Tia alama ya rangi katika ukingo wa kisima. Hiyo ndiyo sifuri yako, nayo isibadilishwe. Mara moja kwa juma, siku ile ile, alfajiri kabla hajachota mtu wala pampu haijawashwa, teremsha kamba yenye uzito mpaka iguse maji, kisha pima urefu wake kwa tepu. Andika tarehe, saa, urefu wa kamba na chumvi ikiwa kijiti kipo. Kisima kikiwa karibu na pwani, andika pia kama ni bamvua au maji mafu, na kama maji yajaa au yatoka, kwa kuwa visima vya pwani huweza kupanda na kushuka pamoja na bahari. Andika vilevile saa ambazo pampu imevuta juma hilo.

Kwa mvua, chombo chochote chenye kuta zilizonyooka, mdomo wake ukiwa sawa na kitako, chafaa. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti huo, na kisomwe kwa rula saa 3 asubuhi kila siku, kisha kimwagwe.

KUYAWEKA UBAVUNI

Baada ya mwaka mmoja, chukua karatasi. Upande mmoja andika mvua ya kila mwezi kutoka daftari la dunia, pamoja na wastani wa mwezi huo katika miaka 30, mathalan 1991 mpaka 2020. Upande wa pili andika kisima chako na pampu yako. Kama mvua ilikuwa chini ya wastani na visima vyote vya mtaa vimeshuka pamoja, ukame una sehemu kubwa. Kama mvua ilikuwa ya kawaida, na visima vilivyo karibu na pampu vimeshuka kuliko vilivyo mbali, basi jibu limeelekea kwenye pampu. Na kama kamba haikurefuka sana lakini chumvi yapanda mwezi hata mwezi, punguzeni kuvuta upesi, msichimbe.

Aghalabu mtakuta kuwa sababu zote zimo, kila moja na fungu lake, kama ilivyokuwa Jinja. Hapo ndipo majirani huweza kusema pamoja bila ya kugombana, kwa sababu hapana anayeambiwa kuwa ni mwongo. Naye bwana maji atakayeletewa daftari la mwaka mzima hawezi kumjibu mwenye daftari kama anavyomjibu mwenye malalamiko.

Basi twawaomba kila tawi lichague visima vitatu: kimoja cha karibu na pwani, kimoja cha kati na kimoja cha juu. Wapatikane na vijana wenye simu wa kuchukua mvua katika intaneti, na wazee wenye subira wa kuteremsha kamba kila juma. Kazi hii haina gharama ila kamba, kalamu na kutosahau. Anzeni kabla ya kiangazi, kwa maana kisima kilichokwisha kuharibika hakiwezi kutuambia kilivyokuwa kabla ya hapo.